"T' maister's dahn": Kwa Nini Baadhi ya Wahusika wa Riwaya za Kiingereza Wanaandikwa Hivyo

Msomaji anayefungua Wuthering Heights, riwaya ya Emily Brontë iliyotoka mwaka 1847, hafiki mbali kabla ya kukutana na Joseph, mtumishi mzee wa shamba. Mgeni amekuja wakati wa theluji, anahangaika na mlango uliokomewa, na Joseph anatoa kichwa kwenye dirisha la ghala na kumfokea: "Whet are ye for? T' maister's dahn i' t' fowld. Goa rahnd by th' end ut' laith, if yah went tuh spake tull him."

Wanafunzi wengi wa fasihi ya Kiingereza hukwama hapo, kisha huamua moja kati ya mambo matatu: kitabu kimechapwa vibaya, Joseph hakwenda shule, au Kiingereza chao wenyewe hakijafika popote. Yote matatu si kweli. Maneno hayo yamepangwa kwa makusudi, herufi kwa herufi. Joseph anaijua Biblia kuliko wote wanaoishi katika nyumba ile na anawahubiria hata wasipotaka kusikia. Na msomaji aliyezaliwa London naye hukwama pale pale. Anachosema mzee ni hiki: "Unataka nini? Bwana yuko huko chini zizini. Zunguka mwisho wa ghala kama wataka kusema naye."

Ili kuelewa kwa nini mwandishi anachagua kumwandika mtu namna hiyo, tuanze na maneno mawili yanayochanganywa kila siku. Lahaja ni namna ya lugha ya watu wa mahali au kundi fulani, yenye sarufi yake, msamiati wake na matamshi yake. Lafudhi ni matamshi peke yake. Mtu wa Mombasa anayesema "ndoo" mahali pa "njoo" na "mato" mahali pa "macho" anasema lahaja, yaani Kimvita. Mtu anayesema Kiswahili sanifu kitupu lakini sauti yake inakuonyesha alikolelewa, huyo ana lafudhi. Ndivyo ilivyo Uingereza. Msomi wa Edinburgh anaweza kuzungumza Kiingereza sanifu kisicho na doa la kisarufi kwa lafudhi ya Kiskoti. Joseph amekwenda mbali zaidi: anasema lahaja ya Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, kwa sarufi na maneno yake.

Kiingereza sanifu nacho ni lahaja. Kimetokana kwa sehemu kubwa na usemi wa London na maeneo ya mashariki ya kati ya nchi, kikapata nguvu kwa sababu ofisi za mfalme zilikuwa huko, na William Caxton akaweka mashine yake ya uchapaji Westminster mwaka 1476. Kiunguja nacho kilifanywa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, na hakikuchaguliwa kwa sababu Kimvita hakina sarufi. Anayesema lahaja ni "lugha mbovu" anadhani uamuzi wa ofisi ni sheria ya lugha. Sehemu kubwa ya Yorkshire ya zamani, kwa mfano, ilisema "I were, he were, we were". Kitenzi kina umbo moja kwa nafsi zote, na mtoto wa huko akikosea kanuni hiyo wenzake wanasikia mara moja.

Tahajia isiyofanana na mdomo wa yeyote

Hapa ndipo msomaji wa Kiswahili anapopotea kirahisi. Kwetu, kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa. Kwa hiyo tukiona "dahn" mahali pa "down" tunadhani mwandishi ameandika alichosikia kwa Joseph, na kwamba wahusika wengine, walioandikwa kwa tahajia ya kawaida, wanatamka kama ilivyoandikwa.

Hakuna Mwingereza anayetamka kama ilivyoandikwa. Tahajia ya Kiingereza ni kama picha ya kitambulisho aliyopigwa mtu akiwa na miaka 18: jina ni lile lile, sura imeshabadilika, picha haikubadilishwa. Neno "knight" lilitamkwa zamani pamoja na k yake na mkwaruzo wa gh. Leo linatamkwa "nait" na herufi zote zimebaki. Kwa hiyo mwandishi anapobadilisha tahajia ya mhusika mmoja na kumwacha mwingine, hajatenga wenye lafudhi na wasio nayo. Wote wanayo. Amechagua ya nani ionekane kwenye karatasi na ya nani ifichwe.

Ushahidi ulio wazi zaidi ni kile ambacho mtaalamu wa Marekani George Philip Krapp alikiita, mwaka 1925, lahaja ya macho. Ni pale mhusika anapoandikiwa "wuz" mahali pa "was", "sez" mahali pa "says", "wimmin" mahali pa "women", "enuff" mahali pa "enough". Yasome kwa sauti. Karibu kila Mmarekani hutamka "was" kama "wuz", awe profesa au mchunga ng'ombe, na "says" hutamkwa "sez" hata ikulu. Tahajia hizo hazielezi sauti yoyote ngeni. Sikio halipati kitu. Ni jicho tu linaloambiwa kwamba mtu huyu si wa tabaka lako, mdharau kidogo. Kwa maoni yangu ndicho chombo kibaya kuliko vyote katika kazi hii, kwa sababu kinajifanya kuripoti usemi wakati kinatoa hukumu. Dennis Preston, mwanaisimu wa Marekani, alieleza mwaka 1985 jinsi mabadiliko ya tahajia ya aina hiyo yanavyomshusha msemaji machoni pa msomaji.

Kwa hiyo kila ukiona tahajia iliyopindwa, jiulize: je, neno hili lililopindwa linatamkwa tofauti na la kawaida? "Dahn" linatamkwa tofauti: irabu ya "down" imekuwa a ndefu. "Sez" halitofautiani na "says".

Ile g inayosemekana imeanguka

Ritifaa, ule mkato wa juu, ndiyo alama inayopotosha zaidi. Katika Kiswahili ina kazi ya sauti: inatofautisha ng' ya "ng'ombe" na ng ya "ngoma". Katika Kiingereza inadai tu kwamba kuna herufi imekosekana, na mara nyingi dai hilo si kweli.

Chukua "singin'" mahali pa "singing". Watu husema mhusika "ameangusha g". Mtu wa Pwani anaweza kuwasahihisha Waingereza hapa, maana masikio yake yanazijua sauti zote tatu. "Singing" katika matamshi ya kawaida ya Kiingereza inaishia kwa ng' ya "ng'ombe", bila g yoyote ndani yake. "Singin'" inaishia kwa n. Sauti moja imewekwa mahali pa nyingine, hakuna kilichoanguka. Wanaotamka g kamili mwishoni, kama ng ya "ngoma", wako hasa Manchester, Liverpool na Birmingham, na hao hawasifiwi kwa kuihifadhi. Zaidi ya hayo, makabaila wa Uingereza wa karne ya 19 nao walisema "huntin'" na "shootin'" kwa fahari.

Waskoti walikuwa na malalamiko yao. Tangu karne ya 18 maneno ya Kiskoti kama "wi" yalichapwa "wi'", kana kwamba ni "with" iliyokatwa mkia. Mwaka 1947 washairi wa kundi la Makars' Club mjini Edinburgh walikubaliana kanuni za tahajia ambazo, pamoja na mengine, ziliziondoa ritifaa hizo. Hoja yao ilikuwa rahisi: huwezi kuweka alama ya pengo mahali ambapo neno ni zima.

Lakini ziko ritifaa zinazosema kweli. Ile ya "'ouse" inaeleza h isiyotamkwa, jambo la kawaida katika lahaja nyingi za Uingereza. T' ya Joseph ndiyo inayomsumbua zaidi msomaji wetu. Ni "the" iliyobanwa, na mara nyingi si t kamili. Ni mkwamo mdogo wa pumzi kooni kabla ya jina linalofuata. Ukiisoma "i' t' fowld" kwa kuweka irabu baada ya kila konsonanti, kama ulimi wa Kiswahili unavyopenda, umeiharibu. Bana maneno yote matatu yawe mawili, na "fowld", ambayo ni "fold", yaani zizi, ndiyo ibebe uzito.

Kuna mtego mwingine unaosahaulika: ufunguo wa tahajia ni lafudhi ya mwandishi mwenyewe. Punda wa hadithi za A. A. Milne za mwaka 1926 anaitwa Eeyore. Kwa Mwingereza wa kusini asiyetamka r mwishoni mwa silabi, jina hilo ni "ii-oo", mlio wa punda. Mmarekani au Mskoti anayetamka r hasikii punda yeyote. Vivyo hivyo, mwandishi wa London akiandika "ar" katika neno la mhusika, mara nyingi anataka a ndefu tu, wala hataki r. Kabla ya kusoma lafudhi ya mhusika, jua mwandishi alitoka wapi.

Neno dogo lililopita miaka 450

Kuna neno moja katika usemi wa Joseph linalostahili kutazamwa kwa karibu: "tull". Si "to" iliyotamkwa vibaya. Ni neno jingine, "til", ambalo watu wa kaskazini walilitumia kwa maana ya "kwa" tangu zamani.

Tunalijua kwa sababu Geoffrey Chaucer aliliandika mwishoni mwa karne ya 14. Katika hadithi ya msimamizi wa shamba, ndani ya The Canterbury Tales, wanafunzi wawili wa Cambridge waliotoka kaskazini kabisa, John na Aleyn, wanapeleka nafaka kwa msaga unga mwizi. John anasema atasimama palepale aone nafaka inavyoingia, "howgates the corn gas in", na chombo cha kumiminia nafaka kinuni kinavyotikisika "til and fra". Mtu wa London kama Chaucer angesema "gooth", si "gas". Na "to and fro", si "til and fra". Aleyn na mwenzake husema pia "I is". Kabla ya kupata umaarufu wa riwaya zake, J. R. R. Tolkien alikuwa mtaalamu wa Kiingereza cha kale, na mwaka 1934 alichapisha uchunguzi mrefu wa usemi wa vijana hao, akionyesha kwamba Chaucer hakubahatisha. Aliijua lahaja ile.

Wahusika hao wanachekesha, lakini ni wasomi, na mwishowe ndio wanaomshinda msaga unga. Wakati ule hapakuwa na Kiingereza sanifu kilichokamilika, kwa hiyo kaskazini ilikuwa mbali tu, haikuwa chini.

Sasa rudi kwa Joseph. Emily Brontë alifariki Desemba 1848. Mwaka 1850 dada yake Charlotte alitayarisha toleo jipya na kumwandikia mtu wa kampuni ya uchapishaji kwamba afadhali kulainisha tahajia ya usemi wa Joseph: sikio la mtu wa Yorkshire linaitambua kabisa, lakini watu wa kusini hawataielewa. Mstari ule ukawa hivi: "What are ye for? T' maister's down i' t' fowld. Go round by th' end o' t' laith, if ye went to spake to him."

Weka matoleo mawili bega kwa bega uone kilichotokea. "Dahn" imekuwa "down", "rahnd" imekuwa "round", "goa" imekuwa "go". Charlotte amefuta sauti na kuacha maneno kama "laith", ghala, ambayo ndiyo hasa yanayomshinda mtu wa kusini. Akafuta "tull", iliyoshuka moja kwa moja kutoka enzi za wanafunzi wa Chaucer, akaweka "to". Na kuna jambo dogo zaidi. Emily aliandika "whet" mahali pa "what" na "went" mahali pa "want": irabu ile ile, kwa kanuni moja. Charlotte alisawazisha ya kwanza akaiacha ya pili. Matokeo yake, msomaji wa toleo la 1850 anaiona "went" na kudhani ni "alikwenda", wakati Joseph anasema "wataka". Kwa Emily angalau "whet" ilikuwa imemwonya.

Simlaumu Charlotte kwa nia yake. Alitaka kitabu cha marehemu dada yake kisomwe. Lakini mhariri anayelainisha lahaja nusu nusu huacha kitu kigumu zaidi kuliko alichokikuta, kwa sababu alichokikuta kilikuwa na utaratibu. Matoleo mengi ya kitaaluma ya leo yamerudi kwenye maandishi ya 1847, na mengi ya bure mtandaoni yanafuata ya 1850. Mwalimu anayefundisha darasa lenye vitabu mchanganyiko aliangalie hilo kabla ya somo.

Nani aruhusiwe kusema vizuri

Kufikia karne ya 19, kile kilichokuwa mbali kilikuwa kimeshageuzwa kuwa chini. Shakespeare anaonyesha mabadiliko hayo yakianza: katika King Lear, Edgar, mtoto wa kabaila mkubwa, anapotaka kujificha anajifanya mkulima na kusema "zir" mahali pa "sir". Kwenye jukwaa la wakati ule z hiyo ilimaanisha mtu wa shamba wa popote. Haikuwa lazima atoke wilaya fulani.

Kwa Charles Dickens kanuni imekaa wazi. Oliver Twist, mtoto wa hadithi iliyotoka kati ya 1837 na 1839, amezaliwa na kulelewa katika nyumba ya maskini, hajawahi kuishi na mtu wa tabaka la juu, na bado anasema Kiingereza safi kuliko walezi wake. Haiwezekani kiisimu. Dickens alikuwa na sikio kali na alilijua hilo. Wasomaji wake walitarajia moyo safi usemi safi. Hii ndiyo sababu haifai kuichukua riwaya kama kinasa sauti. Swali la kuuliza ni nani amepewa lahaja na nani ameepushwa nayo, na kwa faida ya nani.

Elizabeth Gaskell aliipinga kanuni hiyo waziwazi. Mary Barton, ya 1848, inawapa wafanyakazi wa viwanda vya Manchester huzuni, hasira na hoja nzito kwa lahaja yao ya Lancashire. Mumewe, William Gaskell, mchungaji wa hapo mjini, aliandika maelezo ya chini ya ukurasa akionyesha kwamba maneno yanayochekwa yamo kwa Chaucer na waandishi wengine wa zamani wanaoheshimiwa. Toleo la mwaka 1854 liliongezewa mihadhara yake miwili juu ya lahaja hiyo.

Thomas Hardy, mtu wa Dorset kusini magharibi, alikwenda njia nyingine. Mwaka 1878 aliandika katika jarida la Athenaeum kwamba mwandishi anaweza kufikisha roho ya mazungumzo ya mkulima mwenye akili kwa kuhifadhi misemo na muundo wa usemi wake, bila kuujaza ukurasa matamshi. Ndivyo alivyofanya: "I be" mahali pa "I am", "'ee" mahali pa "you", maneno machache ya shambani, na tahajia nyingine zote za kawaida. Katika Tess of the d'Urbervilles, ya 1891, anaeleza kwamba Tess alifika darasa la sita chini ya mwalimu aliyesomea London, kwa hiyo ana lugha mbili: lahaja nyumbani, Kiingereza cha kawaida nje na kwa wakubwa. Msomaji wa Afrika Mashariki aliyesomea lugha moja na kulelewa kwa nyingine haelezwi mara mbili. Unaposoma Tess, angalia ni mbele ya nani anabadilisha. Hapo kuna habari ambayo msimulizi hakuisema.

Wengi bado wanaamini kwamba kadiri tahajia inavyopindwa zaidi ndivyo ukweli unavyokaribiwa. George Bernard Shaw aliijaribu imani hiyo hadi mwisho. Katika Pygmalion, tamthilia iliyochezwa mara ya kwanza mwaka 1913, Eliza, muuza maua wa London, mwanzoni anasema "Ow, eez ye-ooa san, is e?", yaani "Oh, he's your son, is he?" Baada ya sentensi chache Shaw mwenyewe anaingia kwenye maandishi, anaomba radhi na kusema jaribio hilo lazima liachwe kwa sababu nje ya London halitaeleweka. Kutoka hapo Eliza anaandikwa kwa tahajia karibu ya kawaida, na hakuna anayesahau anavyosikika. Sentensi chache za mwanzo zimeshalifungua sikio, na kumbukumbu ya msomaji inafanya kazi iliyobaki.

J. M. Synge wa Ireland hakuhitaji hata hizo. Katika The Playboy of the Western World, ya 1907, msichana anamuuliza mgeni: "Is it killed your father?" Naye anajibu: "With the help of God I did, surely." Hakuna herufi hata moja iliyopindwa. Ni mpangilio wa maneno tu, uliorithiwa kutoka lugha ya Kiairishi, ambayo hutanguliza "is it" kulitia neno mkazo. Kwangu huo ndio ufundi wa juu kabisa: msomaji anasikia nchi nzima na haoni hata ritifaa moja.

D. H. Lawrence anaongeza kitu kingine. Mellors, mlinzi wa msitu katika Lady Chatterley's Lover, ya 1928, alishakuwa ofisa wa jeshi na anaweza Kiingereza sanifu akitaka. Anaingia kwenye lahaja makusudi, kwa mapenzi au kwa ukaidi. Hilda, dada wa mpenzi wake, anamuuliza kwa nini anasema Kiyorkshire. Anajibu: "That's non Yorkshire, that's Derby." Bibi huyo wa tabaka la juu anasikia "kishamba", Mellors anasikia mkoa.

Ukuta wa alama za kunukuu

Hadi hapo, mpangilio wa riwaya nyingi ni uleule: msimulizi anasema sanifu, wahusika wanasema lahaja, na alama za kunukuu zinasimama katikati kama mpaka. Walter Scott alifanya hivyo na Kiskoti tangu Waverley ya mwaka 1814. Hata mwandishi anayewapenda watu wake anajikuta amekaa upande wa msomaji, akiwatazama.

Samuel Selvon, mwandishi wa Trinidad, alianza kuandika kuhusu wahamiaji wa Karibiani London kwa Kiingereza sanifu na kazi ikakataa kusogea. Alipomfanya msimulizi mwenyewe aseme kwa Kiingereza cha Trinidad, kilicholainishwa kidogo ili kieleweke, ikaenda. The Lonely Londoners ilitoka mwaka 1956, na ndani yake hata ukungu wa London unasimuliwa kwa "it had", kama Mtrinidadi anavyosema "kulikuwa na".

James Kelman wa Glasgow aliubomoa ukuta wenyewe. How Late It Was, How Late haina alama za kunukuu. Mawazo, usimulizi na mazungumzo yote yamo katika usemi mmoja wa Glasgow, wenye "wasnay" na "couldnay". Ilipopata tuzo ya Booker mwaka 1994, mmoja wa majaji alipinga hadharani. Mwenzake Kelman wa Glasgow, mshairi Tom Leonard, alikuwa ameshaigusa sababu katika shairi lake la miaka ya 1970 ambalo msomaji wa habari za BBC anasoma habari kwa tahajia ya Glasgow, "this is thi six a clock news", huku akieleza kwa nini hawezi kusoma hivyo: ukweli ukisemwa kwa sauti ya watu wa chini hautaaminiwa. Hapo hata tahajia za lahaja ya macho zina haki yao, kwa sababu hakuna mtu aliyebaki pembeni akiwa ameandikwa sanifu ili awacheke wengine.

Ukikutana na ukurasa kama wa Joseph

Usianze na kamusi. Kwanza tambua maneno madogo ya kisarufi, maana ndiyo yanayorudi: "t'" na "th'" ni "the", "i'" ni "in", "o'" ni "of", "wi'" ni "with", "tha" ni "wewe" wa mazoea. Hayo yakishakaa, sentensi nyingi zinafunguka. Pili, soma kwa sauti na haraka kidogo. Irabu zilizopindwa kama "dahn" na "rahnd" hufuata kanuni moja, na ukiitatua moja umezitatua zote. Linalobaki baada ya hapo ni msamiati halisi kama "laith". Hilo lifuate katika kamusi ya lahaja za Kiingereza ya Joseph Wright, juzuu 6 zilizotoka kati ya 1898 na 1905, inayopatikana pia mtandaoni. Wright alikuwa mtu wa Yorkshire, alifanya kazi kiwandani tangu utotoni, alijifunza kusoma akiwa na miaka 15, na mwishowe akawa profesa wa Oxford na mwalimu wa Tolkien. Maneno ya Joseph yalikuwa ya nyumbani kwake.

Kwa anayeandika, tabia mbili au tatu zinamtosha mhusika: moja ya sarufi, moja ya msamiati, na ikibidi moja ya sauti. Chagua tabia inayojitokeza mara nyingi, ishikilie tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na kagua kwamba tahajia yako mpya haifanani na neno jingine lililopo, kama "went" ya Joseph.

Anayetafsiri ana kazi ngumu zaidi. Kumpa Joseph Kimvita au Kipemba kunamhamisha kutoka Yorkshire hadi Mvita au Wete, na msomaji atashangaa theluji imetoka wapi. Kumwandika Kiswahili sanifu kunamnyang'anya nafsi yake. Njia ninayoiamini ni kuacha matamshi na kushika mahusiano. Joseph mwambie asiamkie, asiseme "tafadhali", akate sentensi, aingize aya za Biblia, atumie maneno ya ufugaji ambayo kijana wa mjini hayajui. Mellors anapohama kutoka "you" kwenda "tha", Kiswahili hakina kiwakilishi cha pili cha kumhamishia. Kina "bibi" inayoweza kugeuka jina tupu, na "ningeomba" inayoweza kugeuka "nipe". Mfasiri azitafute sehemu hizo kwanza, azitie alama, kisha ndipo aanze ukurasa wa kwanza.